Springi Zilizofuliwa Mapanga

Mama alikata roho njiani, kabla hatujafika hospitali ya Lindi. Kigari chenye viti viwili, alichomwachia Baba mzungu wa shamba la mkonge, kililalia tumbo mchangani. Baba alikuwa anafukua kwa mikono, mimi mtoto nimejibana nyuma ya viti. "Mke wangu, vumilia, tunafika." Akaendelea kufukua.

Leo nimepita kwa mhunzi, harufu ya chuma cha moto ikanirudisha kwenye kigari kile.

Kijijini kwetu gari lilikuwa hilo moja tu, na mwenyekiti aliamuru springi zake za nyuma zing'olewe, zifuliwe mapanga ya shamba la ujamaa. Baba alimfuata.

"Shikamoo, mwenyekiti. Niachie springi, mke wangu mimba inamsumbua."

"Marahaba. Mzungu kaondoka, wewe unataka raha zake? Mkeo atazaa kama wenzake."

Baba alitafuta springi nyingine mpaka Rutamba, akapata za lori tu, ndefu mno. Akapachika magogo ya mkorosho mahali pa springi. Yalichomoka siku ile ya uchungu.

Shamba lile limerudi pori zamani. Mwenyekiti yupo, mzima, anaamkiwa na kila mtu. Mimi simwamkii. Kwanza anijibu: mapanga yale yalifyeka nini cha kuzidi mama yangu?