Chombo Kinachofika Vituo Vidogo

Kaka yangu ana kibanda cha kuchaji simu hapa Kasongo, na ndani yake kompyuta yenye mchezo wa kurusha vyombo vya anga. Tuliucheza wawili, kwa zamu, akaunti moja. Kwa miezi mingi tulibeba shehena za madini kutoka sayari hii hadi ile, mpaka tukaweza kupata chombo chetu cha kwanza cha abiria. Tulipatana kwamba atakayeendesha safari ya mwisho ya shehena ndiye atakayechagua. Niliendesha mimi.

Kaka alikuwa ameshachagua moyoni. Alitaka ile meli kubwa nyeupe, yenye vyumba vya matajiri na madirisha ya kutazamia nyota. Mimi nikamwonyesha nyingine, fupi, tumbo nene, viti vya kawaida tu.

"Ile iko mubaya," akasema. "Mutu gani mwenye akili atapanda mule?"

"Soma, yaya," nikamwambia mkubwa wangu. "Ile yako haiwezi kutua kwa vituo vidogo. Iko kubwa sana."

"Kwa vituo vidogo kuko nini? Watu wa kule wajitafutie."

Sisi ni watu wa Kabambare. Tunajua lori linavyosimama kabla ya daraja bovu, dereva akazima injini na kutangaza kwamba tumefika. Akina mama wanashuka, wanajitwisha mizigo, wanavuka kwa miguu. Mama yetu alishushwa hivyo, mimba ikiwa pevu. Nilizaliwa ng'ambo ya lile daraja, majanini, na kaka huyuhuyu ndiye aliyetumwa kukimbia kutafuta maji. Leo ananiambia wajitafutie!

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sikumwambia hilo. Nilipeleka kidole kwenye chombo changu kinene.

"Ukichukua kile, hutagusa tena mashine yangu. Mimi ndiye mukubwa."

Ukubwa wake naukubali msibani, na anapogawa nyama. Kwenye usukani, hapana. Nikabonyeza.

Alisimama nyuma yangu, akipumua kwa hasira, wakati mimi napakia familia moja na kuvuka giza lote lile hadi kituo kidogo kabisa, ambacho meli yake isingekisogelea. Nilitua taratibu. Mara nikaona mkono wake unapita begani kwangu, unakwenda kuzima kompyuta. Nikaukamata.

"Ngoja, yaya," nikasema. "Wacha washuke kwanza. Hawa wamefika kweli."