Anwani ya Ofisi ya Usharika

Dada yangu alifariki Mbalizi, Mbeya, nyumbani kwa binti yake. Waimbaji wenzetu wa zamani, wazee sasa, walikuwa Iringa, nao walikodi basi dogo waje kumwimbia kaburini. Wangeondoka Mlandege, hukohuko Iringa, saa kumi jioni. Mchana huo mwanawe mkubwa aliwasili kutoka Dodoma, akasema mama alimwomba azikwe Iringa, kando ya bibi. Tukakubali. Sisi tungeondoka na jeneza alfajiri kwenda Iringa, wakati waimbaji wako Mbeya.

Simu yangu ilikuwa imeibwa Uyole wiki hiyo, na namba zao zikaenda nayo. Nilichokuwa nacho kichwani ni anwani ya kundi letu la barua pepe. Ukiiandikia hiyo moja, ujumbe humfikia kila mwimbaji. Nikaandika kwa simu ya mpwa wangu, yule binti wa marehemu. Ujumbe ukarudi: mtumaji si mwanachama, haukupokelewa.

Nilidhani sikujitambulisha vya kutosha. Kwetu Mkristo akihama usharika hubeba barua ya utambulisho, ikasomwa mbele ya washarika, naye akapokelewa. Basi nikaandika upya: jina langu kamili, usharika wangu, mwaka niliopata kipaimara, hata sauti niliyoimba. Ukarudi tena na maneno yaleyale.

"Mjomba, ungemtaja na mchungaji aliyekubatiza," mpwa wangu alisema, macho yamevimba kwa kulia. Kisha akasoma mwenyewe. "Haisomi jina. Inatazama anwani iliyotuma, basi. Hii ni yangu mimi, na mimi hainijui. Wewe uliingia kwa anwani ipi?"

Niliingia kwa anwani ya ofisi ya usharika, Uyole, nilipokuwa katibu wa baraza la wazee. Sikuwahi kuibadilisha, nayo hufunguliwa kwenye kompyuta ya ofisini tu.

Saa tisa ilikuwa imepita. Nilipanda bodaboda, mimi na koti langu la msiba, tukapenya katikati ya malori. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, mlango wa ofisi uwe wazi. Nilimkuta katibu muhtasi ameshika kufuli.

"Shikamoo mzee. Nimeshazima kompyuta."

Nilipomweleza, alirudi ndani kuiwasha. Mashine ilichukua muda wake kuwaka. Niliandika kwa kifupi: Msije Mbeya. Dada tunamleta Iringa kesho. Tusubirini huko.

Haukurudi. Lakini kutorudi si kujibiwa, na saa ya ukutani ikapita saa kumi. Katibu muhtasi aliketi nami, mkoba mapajani, wala hakunihimiza.

Kisha jibu likaingia: "Tulikuwa tumeshapanda, tumeshuka. Hukuweka jina, mzee, lakini hapo ofisini nani mwingine angemwita dada? Mleteni."

Tulipofika Iringa kesho yake, walikuwa wamesimama kaburini, vitabu vimefunguliwa. Nafasi yangu kwenye besi walikuwa wameiacha wazi. Ninamshukuru Mungu kwa jioni ile.