Ngozi Niliyoibakiza

Shule niliishia darasa la pili, lakini zama za Mwingereza hakuna mtu kati ya Kinjumbi na Pande aliyenishinda kutega chui. Ngozi nilizipeleka dukani Kilwa, kwa ngozi hizo nikaezeka bati, nikaoa. Bati la kwanza kijijini kwetu lilikuwa langu, waulizeni.

Chui walipokwisha, akaja nguruwe mmoja kwenye muhogo wangu. Mwaka uliofuata wakaja sita. Mwaka wa tatu sikuhesabu tena. Asubuhi walipita mama mbele, watoto nyuma, mstari mnyoofu kama wanakwenda chuoni kwa mwalimu. Sisi Waislamu nguruwe hatumli. Aliyekuwa akimla ni chui, na chui nimemmaliza mimi.

Baba mkwe akaja kuyaona mashimo waliyofukua nguruwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bati halitafuniki. Mwezi ukiandama na shamba liko hivi, namchukua mwanangu."

Mke yule nilimtaka kuliko bati. Basi nikaitoa ngozi moja niliyoibakiza ya kukalia wageni, nikajifunga mgongoni, alfajiri nikaingia shambani kwa magoti. Nguruwe jike mzee aliponiona alikimbia. Watoto wake hawakukimbia. Wamezaliwa chui hayupo, wataogopa nini? Mmoja akaninusa sikio, akaendelea kula. Yule mama, alipoona hakuna aliyeliwa, naye akarudi.

Mtani wangu, Mmwera mwenye shamba la pili, alikuwa juu ya dungu lake akilinda.

"Chui gani wewe ananuka ugoro?" akaniuliza. "Waamkie basi, wamekuzidi umri wa kukaa hapa."

"Shuka, nikuonyeshe meno."

"Meno yenyewe mkeo anaondoka nayo mwezi ukiandama."

Hatujamaliza, baba mkwe akatokea njiani, amewahi kuja kukagua. Mimi nikalala chini. Alichokiona ni mgongo wa chui katikati ya mihogo. Alikimbia peku, makubazi yote mawili akayaacha njiani.

Siku ile ile msikitini akasema chui amerudi, nguruwe wataondoka, na mtu asitege tena, hasa mkwe wake. Binti abaki mpaka mavuno. Mitego yangu ikafumuliwa yote, nami nikawa sina budi kuwa chui kila alfajiri, baba mkwe asije akajua, magoti yamechubuka, nguruwe wamenizoea kama jirani. Na kwa kutambaa vile, nasema kweli, hakuna aliyenifikia.

Miezi ikapita, mavuno yamekaribia, muhogo umebaki mistari minne. Alfajiri moja nikakuta shamba tupu. Hakuna nguruwe hata mmoja. Karibu na michirizi ya magoti yangu ya jana palikuwa na nyayo pana, za mviringo, bado mbichi.

Nikavua ngozi palepale. Nilirudi nyumbani kwa miguu miwili, polepole, bila kugeuka. Mke wangu alikuwa anafagia uani.

"Mbona mapema leo?"

"Mwambie baba yako," nikasema, "mistari minne itavunwa. Mimi nimestaafu."