Tumbo Langu Kwenye Daftari la Kikundi

Jumamosi, tarehe kumi na nne. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kuchoma mgongo.

Nakiri mapema kwamba aibu ya leo niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, nikawagawia akina mama wenzangu.

Tumbo lilikuwa linanijaa gesi, muuguzi akanishauri niache chakula kimoja kimoja, kisha nirudishe kimoja kimoja, na kila ninachokula nikiandike na kinavyonifanya. Ushauri mzuri, sina neno nao. Kosa ni langu, maana badala ya kutafuta daftari jingine nikaanza kuandika kurasa za nyuma za daftari la kikundi chetu cha kanisa hapa Nkende, ambako mimi ni katibu (sijui waliniona nini, darasa la saba lenyewe nilimaliza kwa kusukumwa).

Leo tulikuwa tunaamua nani alete maziwa ya mgando siku wageni wa Sirari watakapokuja. Wote tulijua ni Mama Bhoke, jirani yangu, mjane mwenye ng'ombe wawili, ambaye tangu afiwe hajawahi kupewa jambo la heshima kama hilo. Miwani nilikuwa nimeisahau, nikampa Ghati, binti wa kwaya, asome muhtasari wa kikao kilichopita, naye akafungua nyuma, akaanza kwa sauti ileile ya kwaya:

"Jumanne. Nimekunywa maziwa ya Mama Bhoke vikombe viwili, na maharage kidogo. Tumbo limenguruma mpaka mbwa akabweka."

Wakacheka. Mama Bhoke hakucheka, alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake. Mama Mwenyekiti akasema taratibu kwamba basi labda maziwa yaagizwe kutoka Itiryo.

Ningeweza kunyamaza (na kwa kweli nilinyamaza kidogo, nisijisifu). Lakini nilijua ukurasa unaofuata unamsafisha Mama Bhoke, na nilijua pia unanichafua mimi.

"Ghati, funua, soma mbele."

Akafunua, akaniangalia. "Mama, hata huu?"

"Usiruke neno."

Safari hii alisoma bila kwaya. "Ijumaa nimekunywa maziwa peke yake, tumbo kimya. Nilimsingizia Mama Bhoke. Jumapili nimekula maharage peke yake. Nimejamba kanisani wakati wa maombi ya kimya. Watu walipogeuka, nami nikageuka, nikamtazama Mama Mwenyekiti."

Mama Mwenyekiti akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mchungaji alikuja mpaka nyumbani kuniombea tumbo."

Hapo ndipo kicheko kilipowashinda, wengine wakatoka nje kabisa. Mama Bhoke naye alicheka, akanisogelea: "Na vilikuwa vikombe vitatu, mwenzangu. Andika vizuri."

Ni kweli, vilikuwa vitatu.

Maziwa ataleta yeye, wamekubaliana wote. Mimi nimebaki katibu, ila nimepewa kazi ya kwenda kwa mchungaji kesho, baada ya ibada, kumweleza lilikuwa tumbo la nani. Nimeapa habari za tumbo langu sitaziandika tena kwenye karatasi za watu, ingawa kwa haki niseme kwamba daftari halikudanganya hata mstari mmoja, isipokuwa vile vikombe.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na mboga ya mgagani. Mume wangu ameongeza mara mbili, mimi nimeonja tu.