Tairi Bana

Noordin hakuwa mtu wa anasa. Aliandikisha wagonjwa katika kliniki moja ya kambi ya Dagahaley, na kila asubuhi alitoka kwake, pembeni mwa Ifo, akikanyaga baiskeli nyeusi ya chuma, nzito kama mlango wa duka. Mtihani wake ulikuwa kila Ijumaa. Siku hiyo alimpelekea mama yake, Amino, insulini ya wiki malishoni, ndani ya thamosi yenye barafu. Mama alikuwa na kisukari, dawa aliihifadhi kwenye mtungi wa maji baridi, na hakukubali kuwaacha mbuzi wake. Pikipiki zilikatazwa kwenye njia ile kwa ajili ya usalama. Joto la mwaka huu lilipozidi, barafu ikawa inafika maji matupu.

"Dawa ikipata moto inakufa," muuguzi Arbia alimwonya. "Na ikifa huioni kwa macho."

Mwenzake kazini, Deeq, akamwonyesha kwenye simu baiskeli ya kokoto, ya njia mbovu: usukani uliojikunja kama pembe za beberu, mwili mwepesi, tairi pana zenye meno. Hiyo ingempeleka kazini kwenye barabara ngumu ya murram na malishoni kwenye mchanga. Noordin alizitazama picha wiki nzima, akaona gia na rangi ni mapambo tu. Mchanga unauliza swali moja, upana wa tairi. Mama akamuuza ngamia wake wa mwisho wa maziwa bila neno. Baiskeli nyeusi nayo ikauzwa kujazia.

Akampigia muuzaji Garissa, mtu aliyehamia juzijuzi kutoka Ukambani.

"Tairi iwe bana," alisema kwa Kiswahili chake.

"Zibane?"

"Eeh. Bana sana, warya. Hiyo ndiyo muhimu."

"Kama za mashindano, basi. Sawa, mzee."

Neno mashindano likamfurahisha. Tangu shuleni p humtoka Noordin ikiwa b, na kwao hakuna aliyewahi kupotea kwa sababu hiyo. Watu wanakula basta na kulala salama. Ulimi hauna mfupa, lakini jamani, ungekuwa nao siku ile!

Baiskeli ilishuka kwenye basi ikimeremeta, tairi zake nyembamba kama kidole gumba. Fundi Abshir pale Ifo akajaribu kutia nene, zikakwama kwenye uma wa gurudumu. "Hii imezaliwa hivi," alisema, akamrudishia mwenyewe. Noordin alimpigia muuzaji mara tatu, simu haikupokewa. Akamwita mwizi.

Ijumaa, kwenye murram, baiskeli iliruka kweli. Kwenye mchanga ikazama. Aliisukuma, akaibeba begani, jua likimchoma yeye na thamosi pamoja. Alipofika, chupa ya dawa ilikuwa na joto kiganjani mwake.

"Ni baridi?" mama aliuliza, mkono wa nguo umeshakunjwa.

Alimtazama, akamkumbuka yule ngamia. "Baridi, hooyo."

"Bismillahi," mama akasema, akajichoma.

Alimwambia hivyo Ijumaa nne. Ya tano alimkuta amelala ubavu, anahema haraka haraka, pumzi inanukia tunda lililooza. Hakumjua mwanawe. Walimzika kabla ya alasiri, na Noordin hakumweleza mtu yeyote habari ya ile chupa. Aibu ilimlemea kuliko huzuni.

Siku ya tatu baada ya maziko simu ikalia. Alikuwa muuzaji.

"Mzee, ulinitafuta? Simu ilikuwa imeharibika."

"Umenidhulumu, wewe!" Noordin alifoka. "Mimi nilikwambia tairi bana!"

"Na si zinabana? Nilikuuliza, ukasema sana."

Noordin akajaribu tena, polepole, akikutanisha midomo kama mwalimu alivyomfundisha.

"Bana," alisema, na safari hii akaisikia ile b mwenyewe.