Mate Kwenye Paji la Nesi Abigael

Nesi Abigael alikuwa peke yake zamu kwenye wodi yetu huko Lodwar. Mimi, mkimbizi niliyeletwa kutoka kambi ya Kakuma, nilikuwa nimemsubiri tangu asubuhi, hasira imenijaa. Ingawa tulikuwa wengi, kila mgonjwa alimwamkia kwanza kwa Kiturkana: "Ejok."

Bibi mmoja Mturkana, alipomaliza kufungwa kidonda, akamtemea mate kwenye paji la uso. Nikajua sasa patachimbika. Abigael akainamisha kichwa, akafumba macho, akatulia.

"Anambariki," jirani yangu akaninong'oneza.

Kwetu Burundi hatubariki hivyo. Alipofika kwangu, maneno makali niliyomwandalia yalikuwa yameniisha. Nikakunja miguu, nikampa nafasi kitandani.

"Kaa kwanza, dada."

Akakaa. Wodi nzima, hakuna aliyemwita.