Nilimwacha Ajiambo Jukwaani Bila Leso

Admini, ukiweka hii tafadhali usitaje jina langu, maana hapa Busia tunajuana. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tano, mzaliwa wa Kisoko, lakini sasa nakaa Busia upande wa Uganda. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo mkiona makosa mnivumilie. Kazi yangu ni kubeba mizigo kwa baiskeli, navuka mpaka na vitunguu, mahindi, mayai. Mimi si mtu wa maneno. Mahali watu wako wengi, mimi nakaa pembeni naangalia tu.

Niko na msichana, huu ni mwaka wa pili. Nimwite Ajiambo, si jina lake. Anashona nguo sokoni na anaimba katika kikundi cha maigizo. Hicho kikundi kiko na mtindo wao: mtu wako akifanya vizuri, unapanda pale jukwaani katikati ya mchezo na kumfunga leso kiunoni, watu wote wakiona. Mama anaweza kumfunga mtoto wake, dada pia. Lakini kijana akimfunga msichana, kila mtu anajua hiyo maana yake ni nini.

Sasa kulikuwa na mchezo Jumapili mchana, katika ukumbi wa kanisa. Ajiambo akaniambia, "Shangazi anatoka Masafu. Ndiye amenilea, unajua. Nimemwambia mwanaume wangu ndiye atakayenifunga leso. Sitaki akuone kwa picha, nataka akuone ukipanda." Nikasema sawa. Nilivuka upande wa Kenya nikanunua leso nyekundu, nikasoma maandishi yake polepole, nikaona yanafaa. Ile wiki nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kuifunga kwenye kiti cha baiskeli.

Siku yenyewe nilienda na rafiki yangu Wafula, tunafanya kazi pamoja. Shangazi tulimwona amekaa mbele kabisa, mama mnene, amevaa gauni la gomesi la kijani. Mchezo ulikuwa wa saa nane, ukaanza saa kumi. Na ulikuwa mbaya, jamani, sitadanganya. Maiki ilikuwa moja, ya waya, wanapeana. Yule mzee wa kuigiza marehemu alikufa nayo mkononi, ikabidi aamke ampe mjane ndio alie. Wafula akapiga kelele, "Marehemu, lala! Utazikwa ukitembea?" Watu wakacheka mpaka machozi. Mwingine alisahau maneno, akawa anasoma kwenye kiganja.

Ajiambo alikuwa aingie mwisho, kama yule binti anayerudi kumlilia baba. Kabla ya zamu yake, kijana mmoja akapanda kumfunga leso yule mjane. Leso ikamwanguka mara mbili. Ukumbi mzima ukaanza, "Kaza! Kaza! Unafunga mbuzi?" Mimi nilikuwa namwangalia shingo tu, jasho linamtiririka. Nikamwambia Wafula, "Huu mchezo ni wa bure. Tutoke." Akaniangalia. "Na Ajiambo je?" Nikasema, "Bado kabisa. Tunywe chai kwanza, tutarudi."

Tukatoka. Tukakaa kwa mama wa chapati nyuma ya ukumbi. Chai haijafika nusu, nikasikia sauti ya Ajiambo. Sikutegemea zamu yake ifike haraka hivyo. Na alikuwa anaimba vizuri, nyinyi hamjui. Hata huyo mama wa chapati aliacha kukanda. Wafula akasema, "Kimbia, ndugu yangu! Wimbo bado!" Nikakimbia mpaka mlangoni, leso mkononi.

Hapa ndipo kuna kitu sijamwambia mtu yeyote. Ajiambo nimemwambia mchezo ulikuwa mbaya ndio maana nikatoka, nikachelewa. Ukweli sikuchelewa. Nilisimama pale mlangoni na wimbo ulikuwa unaendelea. Nilimwona anaimba huku macho yake yanapita mstari kwa mstari, ananitafuta. Njia ya katikati ilikuwa wazi. Sikupanda. Wimbo ukaisha, yeye akabaki amesimama, hashuki. Kisha nikaona shangazi anainuka polepole, anafungua kitambaa chake cha kichwani, anapanda na kumfunga nacho kiunoni. Kichwa chake cheupe kwa mvi, wazi mbele ya watu wote. Mimi nikarudi nyuma ya mlango.

Jioni nilienda kwao. Shangazi hakunitukana. Alisema tu, "Ndiye huyu? Haya, nimemwona." Akaingia ndani. Ajiambo akanisikiliza mpaka nikamaliza ile hadithi yangu ya mchezo mbaya, halafu akasema, "Wewe ungeniambia tu kwamba huwezi kupanda. Mimi ningeshuka."

Hiyo maneno inanikata mpaka leo. Ni wiki tatu sasa. Sokoni nikipita na mzigo anainamia cherehani. Shangazi amerudi Masafu.

Kikundi kitaigiza tena Tororo, mchezo ule ule. Wafula anasema niende, nipande, hata wakicheka. Mimi naona bora niende Masafu kwa shangazi peke yangu, nimwambie ukweli wa pale mlangoni. Lakini naogopa, kwa sababu akijua sikuchelewa, kwamba nilimwona yeye anafungua kitambaa na bado nikajificha, atakubali vipi kunipa mtoto wake? Na nikinyamaza, nitakuwa namdanganya Ajiambo maisha yote.

Leso nimeirudisha kwa karatasi ya duka. Nyinyi mnaojua watu kuliko mimi, nianzie wapi, Tororo ama Masafu? Niambieni. Maoni yenu nitasoma yote, hata ya kunitukana.